Namna ya Kutambua Rangi za Beji za Ukosi katika Sare za Usalama wa Taifa za Kisovieti, 1941–1945

Mtu anayeshika beji ya ukosi ya Kisovieti kwa mara ya kwanza hutazama rangi kabla ya kitu kingine chochote, na makosa mengi huanzia hapo. Rangi ni shahidi mzuri, lakini ni shahidi anayejibu vizuri pale tu anapoulizwa kwanza habari za tarehe. Kitambaa kilekile chekundu kilichoiva kinaweza kuwa cha ofisa wa upelelezi wa mwaka 1938 au cha kuruta wa vikosi vya ndani wa mwaka 1942, na watu hao wawili hawakufanya kazi moja wala hawakuwa na vyeo vya aina moja. Kwa hiyo mwongozo huu unakwenda kwa mpangilio ambao mimi nimeuzoea: kwanza kuweka kipindi, kisha kusoma rangi ya uwanja wa beji, kisha rangi ya ukingo wake, na mwisho alama za cheo. Anayeruka hatua ya kwanza atafika kwenye ya mwisho akiwa amebeba jibu lisilo lake.

Tukubaliane na maneno machache kabla ya kuanza. Beji ya ukosi ni kipande cha kitambaa kilichoshonwa kila upande wa ukosi. Kwenye shati la kijeshi la kuvalia kichwani, ambalo Warusi huliita gimnastiorka, beji ilikuwa ndefu na nyembamba, takriban sentimita 10 kwa 3, na ncha zake zimekatwa kwa mshazari. Kwenye koti zito la baridi ilikuwa pana na yenye umbo la uru wa karata. Uwanja ni kitambaa chote cha katikati. Ukingo ni ule uzi mnene au utepe mwembamba unaozunguka uwanja pembeni, na ingawa unaonekana kuwa pambo la fundi cherehani tu, ndio unaoamua nusu ya kesi zote za utambuzi.

Nani waliovaa

Chombo tunachokizungumzia ni NKVD, yaani Kamisarieti ya Watu ya Mambo ya Ndani (kamisarieti ndiyo wizara, na kamishna wake ndiye waziri), iliyoundwa tarehe 10 Julai 1934. Ndani yake walikusanywa watu wa kazi mbalimbali mno: maofisa wa usalama wa taifa, ambao idara yao kuu iliitwa GUGB, walinzi wa mpaka, vikosi vya ndani, polisi walioitwa militsia, wazima moto na wasimamizi wa magereza. Tarehe 3 Februari 1941 usalama wa taifa ulitolewa ukawa kamisarieti ya peke yake, NKGB, kisha ukarudishwa NKVD tarehe 20 Julai mwaka huohuo, vita vikiwa havijatimiza mwezi katika ardhi ya Sovieti, na ukatolewa tena tarehe 14 Aprili 1943 chini ya Vsevolod Merkulov. Mabadiliko haya ni muhimu kwa anayesoma nyaraka na vitambulisho. Kwa anayesoma kosi si muhimu kiasi hicho: ule mgawanyo wa kwanza haukufika hata miezi sita, kwa hiyo usihangaike kutafuta rangi ya pekee ya NKGB ya mwaka 1941.

Jambo la kushika ni kwamba jina NKVD peke yake halitaji rangi moja. Mlinzi wa mpaka na mpelelezi wa Moscow walikuwa chini ya kamishna mmoja, ila ukiwasimamisha pamoja, mmoja ana kijani ukosini na mwingine ana wekundu uliokolea. Muuzaji anayeandika «beji ya NKVD» bila kusema zaidi ama hajui anachouza, ama anajua vizuri sana kwamba herufi hizo nne huongeza bei.

Kuweka kipindi

Tarehe tatu zinatosha kugawa kabati zima. Ya kwanza ni 27 Desemba 1935, ilipotolewa amri ya sare ya maofisa wa usalama wa taifa, baada ya vyeo vyao maalumu kuanzishwa Oktoba mwaka huo. Katika sare hiyo ya mwanzo cheo kilisomwa hasa mkononi, kwenye nyota za mkono wa nguo, huku ukosini kukiwa na utepe wa kung'aa uliopita katikati ya beji kwa urefu. Ya pili ni katikati ya mwaka 1937, utepe huo ulipoondolewa na alama za maumbo kama zile za jeshi zikahamia ukosini: miraba, mistatili, na umbo la uru. Ya tatu ni Februari 1943, vibao vya mabegani vilipoletwa na alama za cheo zikatoka ukosini kabisa.

Kwa hiyo kipindi cha vita chenyewe kimekatika vipande viwili. Kuanzia 22 Juni 1941 hadi mwanzoni mwa 1943, ukosi ndio unaobeba cheo. Baada ya hapo cheo kinakaa begani, na beji ya ukosi, pale inapokuwapo, inabaki kutaja tawi la utumishi tu. Umbo la ukosi lenyewe linasaidia: kabla ya 1943 gimnastiorka ilikuwa na ukosi wa kukunja, na ya mwaka 1943 ikaja na ukosi wa kusimama usiokuwa na beji yoyote kwenye nguo ya kazi ya kila siku. Ukikuta ukosi wa kusimama umebandikwa beji yenye miraba ya cheo, na juu yake vibao vya mabegani, nguo hiyo imeshonwa na mtu aliyetaka kuifanya ivutie. Kinyume chake si kosa. Jeshini amri ya Januari 1943 iliruhusu nguo za zamani kuendelea kuvaliwa, kwa hiyo ukosi wa kukunja uliotolewa beji, ukiwa pamoja na vibao vya mabegani, ni jambo la kawaida katika picha za mwaka huo. Wakati mwingine unaweza hata kuona kivuli cha beji iliyotolewa, pale kitambaa kilipokingwa na jua kwa miaka miwili.

Kuna tarehe ya nne inayowasumbua wengi. Tarehe 1 Agosti 1941 jeshi liliamuru kwamba katika vikosi vilivyo vitani beji za rangi ziondolewe na mahali pake ziwekwe za kaki zenye alama za kijani, kwa sababu ukosi mwekundu unaonekana kutoka mbali na mdunguaji wa adui hakosi macho. Tangu hapo askari wengi wa mstari wa mbele hawana rangi ya tawi ukosini hata kidogo. Beji ya kaki haimwingizi mtu katika NKVD, na haimtoi pia. Hapo rangi haina la kusema, na ushahidi mwingine ndio uchukue nafasi: kofia, beji ya mkononi, kitambulisho, au maandishi ya nyuma ya picha.

Rangi yenyewe, na majina yake

Kirusi kina majina matatu ambayo ni lazima uyajue, kwa kuwa tafsiri zake katika lugha nyingi zimevurugwa. La kwanza ni krapovi. Jina hili latokana na mmea ambao mizizi yake ilitumika tangu zamani kutoa rangi nyekundu ya kutia vitambaa. Rangi yenyewe ni nyekundu iliyoiva na kwenda gizani, na hapa Kiswahili kina bahati, kwa sababu tayari tunalo jina linaloikaa barabara: damu ya mzee. Sijui lugha nyingi zinazoweza kuitaja krapovi kwa usahihi huo bila kuazima. La pili ni malinovi, kutoka kwa tunda la rasiberi: ni nyekundu ya kuchangamka iliyoingiliwa na zambarau kidogo, mfano wa nyama ya tikiti lililoiva likiangaliwa kivulini. La tatu ni vasilkovi, kutoka kwa ua la buluu linaloota lenyewe katika mashamba ya ngano ya Ulaya. Ni buluu safi yenye mwanga, iliyokolea kuliko samawati na nyepesi kuliko nili.

Zoezi moja lenye faida kubwa ni kukataa neno «nyekundu» kabisa unapoandika maelezo ya beji. Neno hilo linameza krapovi, malinovi, na nyekundu ya bendera kwa pamoja, ilhali ndizo rangi tatu unazotakiwa kuzitenganisha. Andika damu ya mzee, andika malinovi, andika nyekundu ya bendera, na kama huna hakika weka kipande cha kitambaa unachokijua pembeni ya kile usichokijua na uvitazame vyote kwa mwanga mmoja.

Sasa tuziweke rangi hizo mahali pake. Ofisa wa usalama wa taifa, kuanzia sare ya 1935 hadi mwanzo wa 1943, alikuwa na uwanja wa damu ya mzee na ukingo wa malinovi. Kofia yake ya sherehe na ya kazi ilikuwa na sehemu ya juu ya vasilkovi, mkanda wa damu ya mzee, na nyuzi za malinovi, na ni kutokana na kofia hiyo kwamba watu wa zama zile waliwaita maofisa hao kwa rangi ya buluu, ingawa ukosini hawakuwa na buluu. Vikosi vya ndani vilikuwa na uwanja uleule wa damu ya mzee. Walinzi wa mpaka walikuwa na uwanja wa kijani cha kung'aa, ukingo wa malinovi kwa makamanda, na kofia yenye sehemu ya juu ya kijani. Askari wa kikosi cha 17 cha mpaka, waliokuwa Brest asubuhi ya 22 Juni 1941, walikuwa watu wa NKVD, na rangi yao ilikuwa hiyo ya kijani. Militsia walivaa sare ya buluu iliyokolea yenye beji za feruzi, na kwa kuwa feruzi hailingani na kitu kingine chochote katika kundi hili, sitawarudia.

Baada ya Februari 1943 angalia mabegani. Kibao cha askari wa mpaka kilikuwa cha kijani chenye ukingo wa malinovi, na cha askari wa vikosi vya ndani kilikuwa cha damu ya mzee chenye ukingo wa vasilkovi. Uwanja wa rangi ya tawi umebaki kama ulivyokuwa ukosini, na hilo linamfariji mtu aliyejifunza rangi za kabla ya 1943.

Rangi za jeshi zinazochanganywa na hizi

Huwezi kuwa na hakika kwamba beji ni ya usalama wa taifa mpaka uwe umeondoa uwezekano kwamba ni ya jeshi la kawaida, na jeshi lilikuwa kubwa mara nyingi kuliko NKVD. Hesabu ya mitaani tu inakuambia kwamba beji unayoletewa ina nafasi kubwa zaidi ya kuwa ya askari wa miguu.

Askari wa miguu walikuwa na uwanja wa malinovi. Huyu ndiye jirani wa hatari kuliko wote. Ukingo wake kwa askari wa kawaida ulikuwa mweusi, na kwa makamanda ulikuwa utepe wa dhahabu. Ofisa wa usalama wa taifa hakuwa na weusi wala dhahabu kwenye ukingo, alikuwa na malinovi. Hivyo malinovi inaweza kuwa uwanja kwa mmoja na ukingo kwa mwingine, na ukishika hilo tu umekwisha kujiepusha na kosa la kwanza la wanaoanza. Wapanda farasi walikuwa na buluu yenye ukingo mweusi, na wanaanga walikuwa na samawati yenye ukingo mweusi, nao wakati mwingine huitwa NKVD na watu waliosikia habari za kofia ya buluu bila kuambiwa kwamba ni kofia tu. Mizinga na vifaru walikuwa na weusi wenye ukingo mwekundu, isipokuwa kwamba maofisa wa vifaru weusi wao ulikuwa wa mahameli. Madaktari, waganga wa mifugo na maofisa wa ugavi walikuwa na kijani cha giza chenye ukingo mwekundu, kijani ambacho kikichakaa hufanana na cha mpaka kilichochafuka.

Mimi mwenyewe nililipa ada ya somo hili. Miaka kadhaa iliyopita nilinunua beji moja kwa muuzaji wa mtandaoni ambaye alikuwa ameipiga picha chini ya taa ya njano. Katika picha uwanja ulionekana damu ya mzee bila shaka yoyote, na maelezo yake yalisema NKVD. Ilipofika nikaitoa kwenye bahasha mchana, karibu na dirisha, na uwanja ukageuka malinovi mbele ya macho yangu. Taa ya njano ilikuwa imeua zambarau yote iliyokuwa ndani yake. Lakini kosa lilikuwa langu kuliko la taa: ukingo ulikuwa mweusi, ulionekana mweusi hata katika picha ya muuzaji, na nilikuwa nimeutazama nikaupita. Beji ya askari wa miguu, nzuri, ya kweli, kwa bei ya kitu kingine.

Alama za cheo juu ya rangi

Ukishapata uwanja wa damu ya mzee wenye ukingo wa malinovi, na kipindi chako ni cha baada ya katikati ya 1937 na kabla ya Februari 1943, soma alama. Zilikuwa za shaba iliyopakwa enameli nyekundu, zikifungwa kwa miguu midogo inayotoboa kitambaa na kukunjwa upande wa nyuma. Hapa kuna mtego ambao umewaangusha hata waandishi wa vitabu: vyeo vya usalama wa taifa vilikuwa na majina ya chini kuliko uzito wake. Sajini wa usalama wa taifa alivaa miraba 2, ambayo jeshini ni ya luteni. Luteni mdogo wa usalama wa taifa alivaa miraba 3, kama luteni mwandamizi wa jeshi. Luteni wa usalama wa taifa alikuwa na mstatili 1, sawa na kapteni. Luteni mwandamizi alikuwa na mistatili 2, sawa na meja. Na kapteni wa usalama wa taifa alikuwa na mistatili 3, ambayo wakati wa vita jeshini ilikuwa ya luteni kanali. Meja wa usalama wa taifa alipanda kabisa akaingia katika alama za umbo la uru: alikuwa nayo 1, meja mwandamizi 2, kamishna wa daraja la tatu 3, na kamishna wa daraja la pili 4. Kamishna wa daraja la kwanza aliongezewa nyota. Juu yao wote alikaa Kamishna Mkuu wa Usalama wa Taifa mwenye nyota kubwa peke yake, cheo ambacho Lavrentiy Beria, mkuu wa NKVD, alipewa Januari 1941.

Sasa tatizo linakuja. Vikosi vya ndani na walinzi wa mpaka walitumia vyeo vya kijeshi vya kawaida, si hivi maalumu. Kwa hiyo mstatili mmoja juu ya kijani hauna utata: ni kapteni wa mpaka. Mstatili mmoja juu ya damu ya mzee unaweza kuwa luteni wa usalama wa taifa au kapteni wa vikosi vya ndani, na rangi ya uwanja haiwezi kukuamulia. Tafuta shahidi wa pili. Maofisa wa usalama wa taifa walivaa mkononi beji ya mviringo wa yai yenye upanga, nyundo na mundu. Ikiwapo, jibu umelipata. Pembetatu ndogo za enameli, kuanzia 1 hadi 4, nazo zinasaidia sana kwa upande wa pili, kwa kuwa ni alama za masajini wa vikosi. Pembetatu juu ya damu ya mzee inakuelekeza kwa askari wa NKVD aliyebeba bunduki, na sajini wa usalama wa taifa, kama tulivyoona, alikuwa na miraba.

Tofauti hii haiishii kwenye kabati la mkusanyaji. Divisheni ya 10 ya NKVD, iliyoongozwa na Kanali Alexander Sarayev, ilikuwa miongoni mwa vikosi vilivyobeba mzigo wa ulinzi wa Stalingrad mwishoni mwa Agosti na Septemba 1942, na ikatunukiwa Nishani ya Lenin. Mjukuu anayekuta beji ya damu ya mzee katika sanduku la babu yake na kuambiwa na mtu wa mtandaoni kwamba babu alikuwa mhoji wa wafungwa ana haki ya kuhesabu alama vizuri kabla ya kuamini.

Picha za rangi moja

Kazi nyingi za utambuzi hufanywa kwenye picha nyeusi na nyeupe, na hapa watu hudhani rangi imepotea. Haijapotea yote, imebadilishwa tu kwa kanuni zinazojulikana. Wakati ule kulikuwa na aina mbili za filamu katika matumizi. Moja haikuhisi nyekundu, kwa hiyo kila kilicho chekundu kilitoka karibu cheusi na kila kilicho cha buluu kilitoka cheupe. Nyingine ilihisi rangi zote, na ndani yake nyekundu na buluu hukaribiana katika kijivu cha kati. Ukosi wa damu ya mzee katika filamu ya kwanza ni mweusi kama wa mpiga mizinga, na kofia ya vasilkovi ni nyeupe kama ya baharia wa kiangazi.

Namna ya kujua umeshika filamu ipi ni kutafuta katika picha hiyohiyo kitu ambacho rangi yake huna shaka nayo. Nyota ya kofia ni ya enameli nyekundu. Ikiwa nyota inaonekana nyeusi tii, filamu haioni nyekundu, na ukosi mweusi unaouona huenda ni damu ya mzee. Ikiwa nyota ni ya kijivu na ukosi bado ni mweusi kabisa, basi ukosi huo unaelekea kuwa mweusi kweli, na mtu wako ni wa mizinga au vifaru. Baada ya hapo linganisha uwanja na ukingo. Katika beji ya usalama wa taifa ukingo wa malinovi huwa mwepesi kidogo kuliko uwanja, kwa sababu ya ile zambarau iliyomo ndani yake. Katika beji ya askari wa miguu ukingo mweusi huwa mzito kuliko uwanja, na utepe wa dhahabu wa kamanda humeta. Tumia kioo cha kukuzia kwenye picha halisi kuliko kukuza nakala ya kompyuta, maana programu huunda kingo ambazo hazikuwapo.

Picha zilizotiwa rangi siku hizi kwa programu zisikuongoze kabisa. Programu huona ukosi wa kijivu ikaamua ni mwekundu au kijani kwa kukisia, kisha picha ikasambaa ikiwa na sura ya ushahidi. Ukiweza kuipata ya awali, rudi kwenye hiyo.

Kitambaa mkononi

Ukiwa na beji yenyewe, itazame mchana, dirishani, pasipo jua la moja kwa moja. Kisha igeuze. Uso wa mbele umepigwa na miaka themanini ya mwanga, na damu ya mzee ikipigwa na jua huelekea hudhurungi, kwa hiyo rangi ya kuaminika ipo pale ambapo jua halikufika: upande wa nyuma, chini ya mkunjo, na zaidi ya yote chini ya alama za enameli. Alama ikiwa imelegea, iinue kidogo bila kuing'oa. Beji ya kweli iliyovaliwa muda mrefu huwa na kipande cha rangi safi chini ya kila alama, chenye umbo lilelile la alama. Ikiwa rangi ya chini ya alama ni sawasawa na ya pembeni wakati kitambaa kimechakaa, alama hizo zimewekwa juzi.

Taa ya miale ya zambarau ya kukagulia noti inafaa pia. Dawa za kung'arisha vitambaa zilienea baada ya vita, na nyuzi zenye dawa hizo huwaka buluu nyeupe chini ya taa hiyo. Angalia hasa uzi wa kushonea na bitana ya nyuma, maana waghushi hupata sufu ya zamani kwa urahisi lakini husahau uzi. Jaribio la kuchoma unyuzi mmoja, ambapo sufu hunuka nywele na plastiki huyeyuka, ni la kweli, ila unyuzi huo hautarudi. Lifanye kwa kitu ambacho ni chako.

Mahali ambapo rangi haisemi

Msomaji aliyefika hapa atakuwa anauliza kuhusu SMERSH. Idara hiyo ya kupambana na majasusi ndani ya jeshi iliundwa tarehe 19 Aprili 1943, chini ya Kamisarieti ya Ulinzi, ikiongozwa na Viktor Abakumov, na maofisa wake walivaa sare na rangi za vikosi walivyotumikia. Ofisa wa SMERSH katika brigedi ya vifaru alionekana kama mtu wa vifaru, na hiyo ndiyo iliyokuwa faida yake. Walewale waliowatangulia, maofisa wa Idara Maalumu waliowekwa ndani ya vikosi, nao waliruhusiwa tangu kabla ya vita kuvaa sare ya kikosi. Kwa hiyo hakuna beji ya ukosi ya SMERSH, na anayekuuzia moja anakuuzia hadithi. Kinachomtambulisha mtu wa idara hiyo ni karatasi.

Unapomaliza, andika ulichokiona kabla ya kuandika ulichokihitimisha, kwa mpangilio uleule uliotumia kuangalia: «Ukosi wa kukunja; uwanja damu ya mzee; ukingo malinovi; mistatili 2 ya enameli, rangi safi chini yake; baada ya katikati ya 1937, kabla ya Februari 1943; hakuna beji ya mkononi.» Kisha, kwenye mstari wake wa peke yake na kwa penseli: «Luteni mwandamizi wa usalama wa taifa, au meja wa vikosi vya ndani.»